Uzi Chini ya Barakoa

Jioni hiyo nilikuwa nachemsha maji ya chai, basi. Miaka ile ya ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa, kila mwenye nyumba ya vyumba vinne pale Bigwa, chini ya milima, aliiita hospitali. Tajiri wetu, mwenye hospitali, naye aliagiza kutoka Ulaya mashine kuukuu ya kupumulia, asiyojua hata inawashwaje. Mimi muuguzi niliyejua kuiendesha ndimi niliyetumwa chai.

Nikasikia.

Ssss...

Ni Mzee Kondo, aliyeharibiwa mapafu na vumbi la katani. Barakoa yake ilikuwa inavuja kwenye shavu la kushoto. Hewa ikivuja, mashine hudhani mgonjwa bado anavuta, ikazidi kumsukumia wakati yeye anataka kutoa. Alikuwa anapigana nayo, midomo imegeuka bluu. Kwa hali ile asingefika asubuhi.

Nikakaza mikanda.

Ssss...

Nikapapasa chini ya ukingo wa plastiki. Uzi mweusi, umezungushwa sikioni hadi shavuni. Ulinuka udongo wa kaburi jipya.

"Mjinga gani kafunga takataka hii?"

"Mimi, mwanangu," alinong'ona dada yake, Bibi Mwaisha, aliyeshuka milimani kumuuguza. "Usiukate. Marehemu mkewe alikufa kwa kukosa pumzi. Anavuta pumzi hapo, kwenye uzi. Ukimzibia, atatafuta kwa mwingine."

Nilicheka mbele ya uso wake. Hata shikamoo sikuwa nimempa. Washamba hawa! Nikachukua mkasi.

Kacha.

Kimya... Barakoa ikashika uso. Kifua cha mzee kikaanza kupanda na kushuka pamoja na mashine, taratibu.

"Umeona? Ni uzi tu."

Bibi alikuwa anatazama shavu langu la kushoto.

Mzee Kondo alipata nafuu, akaondoka kwa miguu yake. Mimi tangu siku ile, giza likianza kuingia, shavu hupata baridi. Nikivuta pumzi haifiki chini, inaishia njiani. Tajiri alinipeleka kupigwa picha ya kifua, ikatoka safi, akasema niache uvivu. Mpumbavu yule. Naogopa kulala.

Leo nimepanda mlima hadi kwa Bibi Mwaisha. Nimepiga magoti, shikamoo ikanitoka vipande vipande. Nimeomba uzi mwingine, marehemu apate pa kuvutia.

Aliendelea kumenya njegere.

"Si takataka ile, mwanangu?"

Akabeba ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Bado niko hapa barazani. Jua limeshazama. Nimeziba shavu kwa viganja vyote viwili...

Ssss...