Baba Ameshinda!

Kila alasiri, akitoka shule, Redio alipitia kibanda cha baba yake, fundi cherehani, akafagia vipande vya vitambaa. Redio lilikuwa jina la utani. Wenzake walimpachika kwa sababu habari haikulala kinywani mwake. Ikiingia asubuhi, adhuhuri mtaa mzima unayo.

Siku hizi kufagia kulikuwa raha. Zamani, pombe ilipomtawala baba, mikono yake ilitetemeka hata Redio ndiye aliyemtungia uzi sindanoni. Sasa pombe ameiacha, na uzi anatunga mwenyewe huku akiimba. Kila Alhamisi alikwenda kikaoni, katika chumba kilicho nyuma ya duka la fundi viatu. "Tunamwomba Mungu na kutiana moyo," alimwambia binti yake, basi.

Alhamisi moja baba alisahau miwani. Redio akamfuata nayo. Alipokaribia mlango, akamsikia baba akisema kwa sauti kubwa, "Nimeshinda!" Chumba kizima kikalipuka kwa makofi na vigelegele.

Baba ameshinda! Redio hakungoja kusikia la pili. Alitimua mbio, miwani bado mkononi, akitangaza njia nzima. Kwa muuza maji, baba alikuwa ameshinda baiskeli. Kufika kwa kinyozi, baiskeli ilikuwa imeota injini.

Jioni, baba akijiandaa kufunga kibanda, wakaingia rafiki zake wa zamani wa kunywa, Kipande na mpiga rangi, na chupa mkononi.

"Hongera, bwana! Mshindi hanywi peke yake," alisema Kipande. "Pikipiki iko wapi?"

"Pikipiki gani?"

"Usitufiche! Mtaa mzima unajua." Mpiga rangi akamimina, akamsogezea glasi. "Moja tu, ya hongera."

Baba aliitazama glasi. Mikono yake ikaanza kutetemeka kama zamani, na Redio akaiona.

"Baba, ni mimi! Mimi ndiye niliyetangaza!" Kisha akachomoka mbio mpaka kwa fundi viatu.

Fundi viatu hakuuliza mengi. Alikuja na kiatu cha mteja bado mkononi, na wenzake wa kikaoni, waliokuwa hawajatawanyika, wakimfuata. Walimkuta baba ameshikilia ukingo wa meza. Glasi ilikuwa bado imejaa.

"Umeshindaje, ndugu yetu?" aliuliza fundi viatu.

Baba alivuta pumzi. "Siku haijaisha. Lakini sijaonja."

"Basi tuimalize pamoja."

Wakamzunguka, wakashikana mikono. "Ee Mungu, peke yangu siwezi," baba aliomba mbele ya wote, bila haya. "Nisaidie siku hii tu." Redio akapenyeza mkono wake katika ule wa baba. Ulikuwa umetulia! Alifurahi hata akatamani kuruka.

"Kwa hiyo pikipiki hakuna?" aliuliza Kipande.

Kibanda kizima kikaangua kicheko. "Hakuna," baba alijibu. "Sisi tukishinda kutwa bila kunywa, tumeshinda. Ndiyo zawadi yenyewe."

Mpiga rangi akabeba chupa yake, akaenda zake. Kipande hakumfuata. Alikuna kichwa, akauliza kwa sauti ya chini kama kikaoni kuna nafasi ya mtu mmoja.

Walipobaki wawili, baba alimketisha binti yake kwenye kigoda. "Mwanangu, ulisikia neno moja ukakimbia nalo. Habari ni kama kitambaa: pima kwanza, ndipo ukate. Lakini ulipokosea ulisema kweli, kisha ukaomba msaada. Hata mimi ndivyo ninavyopona. Aibu ingetufunga midomo, leo ningeanguka."

Kesho yake jioni, Redio aliweka ufagio chini. "Umeshindaje, baba?"

"Nimeshinda, mwanangu!"

Habari ilimwasha ulimi, hasa alipompita kinyozi. Akafumba mdomo mpaka nyumbani. Siku hiyo hata yeye alishinda.