Bembea ya Kaka

Mpima ardhi huyu ni jirani yangu, na uongo haujui hata ule wa kuombea ruhusa kazini.

Miaka tisa alilala porini na kaka yake, kila mmoja kwenye bembea yake ya turubai, kitanda cha kuning'inia kati ya miti miwili. Baridi ya bembea hukupata kwa chini, na ukishapanda huwezi kujifungia blanketi chini ya bembea. Kaka ndiye aliyekuwa akimfungia. Safari hii, mwezi mmoja tu baada ya kumzika, alikwenda peke yake. Lakini mikono ina mazoea yake: alishtukia ametundika bembea mbili, na blanketi lake pekee ameliweka kwenye ile ya kaka. Hakuwa na moyo wa kulitoa.

Usiku mgongo ukawa barafu, meno yakagongana. Akanong'ona gizani, "Kaka, nakufa na baridi huku."

Kamba za bembea ya pili zikalia, kriii. Majani makavu yakachakarika, hatua kwa hatua, hadi chini yake, kisha kimya. Joto likampanda taratibu, akasinzia.

Alfajiri alikuta blanketi limefungwa chini ya bembea yake, mafundo manne. Upepo haukuwapo. Bembea ya kaka ilikuwa tupu, ila imebonyea katikati. Akaisukuma kwa kiganja.

Ilikuwa nzito.