Ngozi Haina Mtumba

Ndugu zangu, tusikilizane kidogo, maana jambo hili limepita kwenye nyumba nyingi, na bado linapita.

Asubuhi za Lituhi, jua likiwa bado limejificha nyuma ya milima, ziwa hulala kimya na wanawake huketi ufukweni wakisugua masufuria kwa mchanga. Ida alikuwa mmoja wao, mwanawe Jastin mgongoni, mtoto ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Mumewe Salvatory amerudi na usipa, vile vidagaa vya ziwani. Mama mkwe wake, Ottilia, yuko barazani anachambua maharage na kuwasemesha kuku. Nyumba haikuwa na kitu kikubwa, lakini ilikuwa na amani, na mlo haukukosekana.

Kazi ya Ida ilikuwa kuanika. Usipa mbichi hausubiri mtu. Usipoukausha siku hiyo hiyo, kesho unatupa. Kwa hiyo alishinda mchangani, akigeuza na kufukuza kunguru, mpaka jua lizame upande wa pili wa ziwa.

Miaka hiyo ndiyo ile ya ruksa. Watu waliokuwa wamezoea kupanga foleni kwenye duka la ushirika kwa ajili ya kipande cha kaniki, sasa waliona marobota ya mitumba yakifunguliwa mnadani. Wengi walinunua kwa pupa. Ida hakuwa na pesa ya pupa, ila alikuwa na jicho na sindano. Upepo wa mwera ulipoanza kuleta baridi, alinunua koti moja kuukuu la mwanamume mnene, akalifumua. Likatoka koti lake, likatoka na la Jastin, na bitana yake ikawa blauzi ya kwaya. Joto lilipokuja akakata mikono ya gauni la mwaka juzi, akageuza kola, akatia vifungo vya rangi nyingine. Usoni alijipaka mafuta ya mgando na wanja kidogo, basi. Kanisani watu walimwuliza ametoa wapi nguo mpya, naye alicheka tu.

Tunasema haya ili ijulikane kwamba mwanamke huyu hakuwa mpumbavu. Kupendeza kwa kidogo alikuwa anakujua.

Kahawa ilipokwisha kuuzwa huko juu Mbinga, wifi yake Glorious, dada yake Salvatory, aliteremka ziwani kusalimia. Alishuka kwenye gari uso umeng'aa kama sahani, skafu ameifunga shingoni hadi kidevuni, na joto lote lile. Wanawake wakasema ndiyo mitindo ya mjini. Jumapili, baada ya ibada, walipokuwa wanalisifia gauni la Ida, Glorious alimtazama juu hadi chini.

"Gauni la Ulaya, wifi," akasema, "lakini uso bado wa kuanikia dagaa."

Wenzake wakacheka. Ida naye akacheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Jioni alimfuata Glorious jikoni, akamwuliza anatumia nini. Glorious akamwambia krimu za dukani ni ghali, asijisumbue. Akamfundisha mkorogo wa maskini, mchanganyiko wa dawa ya ngozi, sabuni na maji ya kung'arishia mashuka, vyote vya bei ndogo. Hapo ndipo akili ya Ida ya kubana matumizi ilipompoteza. Alidhani uso nao unafumuliwa na kushonwa upya kama koti.

Mwanzoni ulimpendeza. Uso ukawa laini, ukawa mwekundu kidogo, na kwenye kwaya wakamsogeza mstari wa mbele kwa ajili ya Krismasi. Akaanza kupaka shingo, akapaka na kifua, ili rangi ilingane. Salvatory alisema mto wa kitandani unanuka kama wodi, akageukia ukutani. Ottilia hakulichukulia jambo lile kwa mzaha.

"Mwanangu," alimwambia, "koti ulilipata mnadani. Hiyo ngozi ukiiharibu utaipata mnada gani?"

"Mama, dunia imebadilika," Ida akajibu, bila ubaya.

"Dunia, sawa. Jua je?"

Mwezi wa kumi na moja ukafika, na jua la Lituhi mwezi huo halina rafiki. Mwanamke wa duka hujificha ndani. Mwanamke wa usipa atajificha wapi? Ngozi iliyochunwa ikaanza kuungua. Mashavu yakatoka malengelenge, yakapasuka, yakaacha mabaka. Ida akafunga skafu mpaka kidevuni kama wifi yake, na kwa kuwa mabaka yalizidi, akazidisha mkorogo. Ndivyo balaa inavyokula watu, ndugu zangu. Tunaitibu kwa kuiongeza.

Sasa Jastin alikuwa na desturi ya watoto wote. Akishiba hulala kifuani, shavu la kulia limegusa ngozi ya mama. Siku moja shavu hilo likawa jekundu. Ida akadhani ni joto. Kisha likavimba, likatoa maji. Siku iliyofuata alipompakata anyonye, mtoto alinusa kifua, akageuza uso upande wa pili, akalia. Akamrudisha. Mtoto akageuka tena. Yule aliyekuwa hajui kituo kingine duniani alimkataa mama yake.

Ottilia alimchukua mtoto akahisi anawaka kama jiwe la mafiga. Wakaenda zahanati ya misheni. Sista akauliza mama anapaka nini.

"Mafuta ya kawaida tu, Sista."

Sista hakubishana. Alichukua pamba, akamfuta Ida kifuani, akainusa, akaiweka mezani mbele yake. Ida aliitazama pamba ile, machozi yakamshuka juu ya mabaka, yakachoma. Akasema yote.

Walilazwa. Homa ilipanda na kushuka, na kila ilipopanda Ida aliomba achukuliwe yeye. Ziwani nako, kana kwamba ni dhihaka, usipa ukajaa. Salvatory alirudi na mtumbwi umezama hadi ukingoni, hakuna wa kuanika. Ottilia akajifunga khanga kiunoni, na magoti yake yale mabovu, akashuka mchangani.

Glorious aliposikia habari akateremka. Aliingia wodini, akamwona mtoto ana bandeji nusu uso, akaketi kwenye kiti taratibu. Akafungua skafu yake. Shingo yote ilikuwa nyeusi tititi, imekauka, imepasuka kama tako la chungu.

"Wifi," Ida akasema kwa sauti ndogo, "ulikuwa unajua. Mbona hukuniambia?"

Glorious alikunja skafu mapajani, akaikunjua.

"Ningesemaje, Ida, na watu walikuwa wananisifia?"

Jastin alipona. Alibaki na kovu shavuni, pana kama jani la mharage. Krismasi ilipofika Ida alikaa nyuma kabisa, kofia pana ya mtumba kichwani, akasikiliza wenzake wakiimba. Sista alimkataza jua kwa muda mrefu, pengine siku zote, kwa hiyo sasa hushona barazani nguo za wengine, kazi ambayo kijijini huja na msimu na kuondoka nao. Mchangani, kutwa nzima, bibi yule mzee huinama akigeuza usipa. Ida humwona kutoka barazani. Kila akitia uzi kwenye sindano, humwona.

FUNZO

Ndugu zangu, mama zangu, binti zangu, na ninyi waume mnaosifia weupe halafu mnashangaa. Kupendeza si dhambi. Asiye na kitu ana haki ya kola mpya wakati wa sikukuu, na Ida alituonyesha namna ya kuipata bila kumnyima mtoto mlo. Badilisheni nguo misimu ikibadilika, geuzeni, punguzeni, tieni kiraka. Lakini ngozi ni vazi la misimu yote, haina robota wala mnada. Mtoto huilalia. Kazi zetu huitegemea. Na wewe uliyekwisha kuungua, fungua skafu mapema. Ungemwonyesha mwenzako shingo yako siku ile jikoni, leo Ottilia angekuwa barazani na kuku wake.

Mwenye binti na amsomee haya, kisha amwachie afikiri mwenyewe.