Tenga la Simu

"Shangazi amezirai."

Ujumbe ulikuwa huo tu. Nge alichomeka redio yake ya Motorola kiunoni, akaipiga teke pikipiki yake ya Yamaha, ikanguruma.

Shangazi lilikuwa jina la siri la mnara wa majaribio uliosimikwa nyuma ya zahanati ya bondeni. Ulitumia masafa ya chini, yale mawimbi yanayokwenda mbali na kupenya makorongo, kiasi kwamba mnara mmoja unafanya kazi ya minara mitano. Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuyauza masafa hayo kwa sharti: mnunuzi aanze na mabonde, na auze vifurushi vidogo ambavyo hata kibarua anavimudu. Kampuni moja ya kigeni iliyataka kwa ajili ya jiji peke yake. Jaribio likifeli, wajumbe wa Mamlaka wangelifuta sharti saa kumi jioni hiyo hiyo.

Na jaribio lilikuwa linafeli.

"Nge, uko wapi?" Mkuu wake wa Mamlaka, redioni.

"Nashuka bondeni."

"Kuna mtu anavuruga mawimbi. Mzime. Halafu... fundi wa mnara anasema redioni, zahanati wana mzazi anatokwa damu. Simu ya kuita gari la wagonjwa haitoki, na gari lenyewe liko humo humo bondeni, hata mimi silipati."

Nge aliongeza mwendo. Mkunga wa zahanati ile alikuwa dada yake, tumbo moja.

Darajani risasi ikamkuta.

Ilipasua begi mgongoni. Kwenye kioo aliona Land Cruiser nyeupe, na baunsa amening'iniza mkono wenye bastola dirishani. Nge aliikata Yamaha kulia, akazama kwenye mahindi. Land Cruiser ikamfuata kwa pupa. Mfereji wa kumwagilia ulikuwa pale pale ulipokuwa tangu utoto wake. Yeye aliuruka. Gari halikuuruka.

Alisimama akafungua begi. Kifaa cha kunusa mawimbi, cha bei ya kutisha, kilikuwa vipande vitupu. Alikitupa, akatukana, akatazama juu.

Mwamba.

Mbali na Shangazi wa majaribio, bonde zima halikuwa na mtandao, ila juu ya mwamba ule ulinaswa mtandao hafifu wa ng'ambo ya milima. Kila mtaa ulikuwa na mbebaji wake. Mbebaji alikusanya simu za majirani kwenye tenga, akazipandisha, akasubiri ujumbe uingie, akazirudisha nyumba kwa nyumba. Nge mwenyewe alilibeba tenga hilo alipokuwa msichana. Ndiyo maana Mkuu alimchagua.

Juu alimkuta mama mmoja amechuchumaa na tenga lake. Bonde lote lilimwita Posta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umeleta simu yako, irudishe. Leo zote maiti." Alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. "Binti yangu yuko kwa mkunga, mwanangu. Nimepanda niite gari. Napiga, napiga, wapi!"

Mzazi mwenyewe alikuwa binti wa Posta.

"Nyuma ya mwamba umejaribu?"

"Nyuma? Tangu lini nyuma pakashika kitu?"

Nge alichota simu mbili za tochi tengani, akateremka upande wa nyuma. Kimstari kimoja kikachungulia kwenye kioo. Alipiga. Simu ikaita mara moja, ikakatika.

Lakini alishapata alichotaka. Mwamba wenyewe ulikuwa unakinga kitu. Kilichokuwa kinaua mtandao kilikuwa upande wa mbele.

Alirudi juu, akatazama chini. Mbele palikuwa na barabara, na lori la barafu lililopaki.

"Lile?"

"Limeharibika tangu jana," alisema Posta.

"Limeharibika na injini inawaka?"

Posta alikaza macho. "Wanizimie simu mwanangu anakufa? Nenda. Nenda, mama, nenda!"

Nge aliteremka kwa makalio na viganja, akazunguka nyuma ya lori, akachomoa bastola yake ya Glock na kuvuta mlango.

Baridi ilimpiga usoni. Hapakuwa na barafu. Palikuwa na jenereta, antena mbili, mtambo mweusi unaonguruma, na mzungumzaji maarufu wa semina za jijini. Kampuni ile ya kigeni ilimwita Mshauri. Ndiye aliyeigawa nchi kwenye makundi ya wateja, kuanzia wenye nacho hadi wasio na faida.

"Umepajuaje hapa?" Kiswahili chake kilikuwa safi, cha darasani. "Bonde hili halina hata mtumiaji mmoja. Nilipima kwa simu zinazoshika mtandao nyumbani. Sifuri!"

"Nyumbani hazishiki. Zinapandishwa mwambani, kwa tenga."

Alionekana kutoelewa hata neno moja. Mkono wake ukaenda chini ya meza.

Nge alifyatua kwanza.

Bastola ya Mshauri ilianguka, naye akaanguka juu yake, ameshika bega, analia. Nge alimruka, akang'oa kebo nene ya mtambo. Mngurumo ukafa.

Kule juu tenga lilianza kulia. Milio mbalimbali, yote kwa pamoja.

"Shangazi ameamka!" Mkuu alikuwa anapiga kelele redioni. "Wajumbe wanaona kwenye skrini. Sharti linabaki, Nge. Bonde litakuwa la kwanza!"

"Tuma polisi. Mmoja kwenye lori, mwingine mfereji wa mahindi."

Simu yake ikaita. Dada yake.

"Dada, mtandao umerudi. Ita gari."

"Nimeshaliita, linakuja." Nyuma yake kichanga kililia. "Mtoto mzima. Mama yake ametutoka, sasa hivi tu. Nimejaribu kila kitu, mdogo wangu. Wallahi nimejaribu."

Nge aliegemea ubavu wa lori. Alitamani kurudi ndani na kumaliza alichoanza kwenye lile bega. Hakurudi.

"Dada, usimpigie Posta. Na mtu yeyote hapo asimpigie."

"Watu wametoka nje, kila mmoja ana simu mkononi. Nitawazuiaje?"

Nge alikata. Alirudisha Glock kiunoni, akafuta vumbi usoni, akaanza kuupanda mwamba kwa hatua za kawaida, ili Posta asimwone akikimbia.

Tenga lilikuwa bado linalia. Na Nge, aliyetumwa kuurudisha mtandao, alipanda akiomba ukatike tena, hata kidogo, mpaka afike.