Tundu Katika Ukuta wa Mwashi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mwashi aliugonga ukuta wa nyumba yake kwa ngumi mara tatu. Akiona umekaa kimya, alitabasamu, akachukua mwiko wake na kuondoka.

Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake kwa miaka sita. Kuta zake ni za zege nene, na ndani ya zege mna nondo za chuma.

"Mwanangu, ulijenga nyumba au gereza?" mama yake humtania. Nyumbani wote humwita Bibi.

"Nyumba, mama. Gerezani watu hutoroka."

Mke wa mwashi ni kiziwi tangu utotoni. Kazi yake ni kufuma vitambaa. Kila kitu cha thamani nyumbani kwake kimevaa kitambaa: redio, televisheni, hata mtungi wa maji. Wote huzungumza naye kwa lugha ya alama. Vidole vya Bibi ni vizito kidogo, lakini utani wake hufika.

Binti yao alijua kusema "maziwa" kwa mikono kabla hajaweza kulitamka neno hilo. Sasa amesomea ualimu. Shule moja ya watoto viziwi, iliyo mbali sana, ilitafuta mwalimu wa kuwafundisha hesabu kupitia kompyuta. Binti akaitwa afundishe somo moja la majaribio.

Siku ya somo alikaa chumba cha nyuma, penye mwanga mzuri na ukuta mweupe. Alikuwa anaeleza maana ya nusu. Akainua mkono. Picha ikaganda. Kule shuleni watoto wakabaki wanamwangalia mwalimu aliyeinua mkono kama sanamu. Alama nusu si neno. Wakasubiri, kisha wakaanza kuchezacheza.

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Mwalimu mkuu aliandika: "Tunakupa nafasi moja zaidi, Jumamosi saa nne asubuhi. Picha ikikatika tena, itabidi tumchukue mwingine."

Binti alimwonyesha mama yake ule ujumbe. Mama aliusoma mara mbili, akamshika mkono.

Nyumba ya tatu kutoka kwao anaishi mwanamke anayefunga mitandao ya kompyuta maofisini. Mtaani humwita Dada Nyaya. Binti akamwita, na Alhamisi alasiri alikuja na mkoba wake.

"Ruta yenu iko wapi?" aliuliza. "Kile kisanduku kinachopokea intaneti kutoka nje na kuigawa humu ndani."

Binti alipotafsiri, mama alivua ufunguo shingoni. Akafungua kabati la chuma pale sebuleni. Juu ya vyeti na hati ya kiwanja ilikaa ruta, imevishwa kitambaa cheupe cha maua. Taa zake ndogo za kijani zilipenya kwenye matundu ya uzi.

Dada Nyaya aliuma mdomo asicheke.

Mama akasema kwa mikono, na binti akatafsiri: "Anasema ni kitu cha thamani. Amekitunza kama mboni ya jicho."

"Naona, mama, na kitambaa ni kizuri kweli." Dada Nyaya alikigusa kile kisanduku. "Lakini kinaungua kwa joto. Na tena, kazi ya huyu ni kusema, ninyi mmemfungia ndani ya bati. Ruta hutuma mawimbi hewani. Simu na kompyuta huyapokea bila waya. Chuma huyazuia."

Bibi aliweka kikombe chini. "Mawimbi hayo yako wapi sasa?"

"Tukiitoa ruta kabatini, yatajaa chumba hiki chote."

"Na mimi nikiwa nimekaa hapa?"

"Yatakupita, Bibi. Kama ya redio, ambayo yamekupita miaka yote."

"Miaka yote," alisema Bibi. "Na hata siku moja hayajabisha hodi."

Walicheka. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama hewa ya chumba kana kwamba anaiona mara ya kwanza. Kisha mikono yake ikasema polepole: "Hewa imejaa maneno, wala hayana sauti. Basi ni kama maneno yangu."

Dada Nyaya, alipotafsiriwa maneno hayo, aliitoa ruta kabatini kwa mikono miwili.

Waliiweka ruta juu ya rafu, mahali pa wazi, bila kitambaa. Dada Nyaya akashika simu na kutembea nayo chumba hadi chumba. Sebuleni alama ya mtandao ilijaa mistari yote. Jikoni ilipungua mstari mmoja. Chumba cha nyuma ulibaki mstari mmoja tu, nao ukawa unakuja na kupotea.

"Kaka, ukuta huu una nini ndani?" alimuuliza mwashi.

"Zege nene na nondo," mwashi alijibu kwa fahari. "Hata tetemeko litaomba njia."

"Basi mawimbi nayo yanaomba njia, na hujayapa."

"Nihamie sebuleni?" binti aliuliza.

"Uhamie, watu wapite nyuma yako?" alisema Bibi. "Watoto wataacha hesabu wanitazame mimi."

"Hapana," alisema Dada Nyaya. "Sikiliza. Simu hutembea, kwa hiyo simu iache itumie hewa. Kompyuta yako ya kufundishia haitembei. Ipe waya. Waya hausumbuliwi na ukuta, wala haugombani na simu za wengine. Ila lazima tutoboe hapa."

Mwashi alisimama kati yake na ukuta. "Pitisha chini ya mlango."

"Mlango utaukata. Mtu atajikwaa."

"Ukuta huu haujawahi kutobolewa, dada. Nyumba yetu ya kwanza ilituangukia usiku wa mvua. Mtoto huyu alikuwa wa miezi minne. Niliapa haitatokea tena."

Binti alimtafsiria mama yake. Mama ndiye aliyesogea. Aliweka kiganja chake ukutani, kisha akamgeukia mumewe na kusema kwa mikono: "Uliujenga ili mtoto awe salama. Sasa anataka kuwafikia watoto wengine. Kipenyo cha kidole tu."

Mwashi aliutazama ukuta muda mrefu. Akatoka nje. Wakadhani amekasirika. Alirudi na keekee yake ya kutobolea, bomba jembamba la plastiki na penseli.

"Wewe unajua nyaya," alimwambia Dada Nyaya. "Nondo zilipo nazijua mimi. Hatoboi mtu mwingine."

"Basi ukae mbali na nyaya za umeme, kaka. Waya wetu hautaki kulala nazo, ujumbe wake huvurugika."

Mwashi alipima, akachora alama, akatoboa. Vumbi la miaka yote ile likamwagika miguuni pake. Alipoona mwanga wa chumba cha pili, aliinama akachungulia kama mtoto. Akapitisha bomba, ndani ya bomba akapitisha waya, wala hakuukunja kwa nguvu.

Dada Nyaya alichuna ganda kwenye ncha moja. Ndani zilitokea nyuzi nane nyembamba za rangi mbalimbali, zimesokotwa mbilimbili. Mama alizishika kwa vidole vyake vya ufumaji.

"Kwa nini zimesokotwa?" aliuliza kwa mikono, binti akatafsiri.

"Ili ujumbe wa jozi hii usiingiliane na wa jozi ile."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa kuliko wote.

"Nisaidie kuzipanga, mama. Ncha hii na ile, mpangilio wa rangi uwe mmoja. Ukikosea uzi mmoja, waya mzima unaweza kukataa."

Mama alizinyoosha na kuzipanga bila kukosea hata mmoja. Dada Nyaya akazibana kwenye vichwa vya plastiki, kisha akaunganisha kipimo cha kuujaribu waya. Taa zikawaka: moja, mbili, tatu, hadi nane. Waliinama wote juu ya taa zile ndogo, pumzi zao zikichanganyika. Ncha moja wakaichomeka nyuma ya ruta, nyingine kwenye kompyuta.

"Kitu cha mwisho," alisema Dada Nyaya. "Nenosiri lililobandikwa chini ya ruta libadilisheni leo. Mawimbi sasa yanafika hadi barabarani kupitia madirisha. Liwe refu, la herufi na tarakimu, lisiwe jina la mtu wala tarehe ya kuzaliwa. Na msimpe kila mpita njia."

"Msiniambie mimi," alisema Bibi. "Mimi na siri hatujawahi kulala nyumba moja."

Jumamosi saa nne, binti aliketi mbele ya kompyuta. Familia ilisimama mlangoni, mahali ambapo kamera haioni. Kwenye kioo walitokea watoto kumi na mmoja.

Binti aliinua mkono na kueleza nusu. Mkono ulipanda, ukakata hewa, ukashuka. Haukuganda. Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliuliza swali kwa vidole vya haraka, na mama, akiwa mlangoni, alilielewa lile swali. Mtoto asiyemjua, wa mbali sana, na yeye amemwelewa. Alimshika mumewe mkono kwa nguvu.

Mwashi alikuwa anatazama chini, pale waya ulipotokea ukutani.

"Wote kumi na mmoja wamepita hapo," alinong'ona. "Kwenye kile kitundu."

Somo lilipokwisha, mwalimu mkuu alitokea kwenye kioo na kusema kwa alama: "Tukutane Jumatatu, mwalimu."

Nao watoto wakapongeza kama viziwi wanavyopongeza. Mikono ishirini na miwili ilinyanyuka juu, vidole vikitikisika. Hapakuwa na sauti yoyote. Mlangoni, mama alinyanyua mikono yake. Bibi akanyanyua yake. Mwisho mwashi naye akanyanyua mikono yake mizito yenye saruji kwenye kucha, akaitikisa hewani, hewa iliyojaa maneno.