Mapera Yaliyotiwa Rangi

Habari hii alinielezea mama Thérèse, mwaka wa pili nyuma ya Indépendance, ndiyo uhuru wetu, siku tulikuwa tunatoa maharagi ndani ya maganda kwenye kiwanja chake. Yeye mwenyewe yumo ndani, na aliyoyaona aliyaona kwa macho.

Wakati mambo haya yalitokea, Goma ilikuwa bado ndogo. Soko ilikuwa juu ya mawe meusi ya volkano, mawe yanayokula viatu. Thérèse aliuzisha maharagi, na pembeni yake aliuzisha Kamate, mutoto wa mujomba wake, kijana wa Butembo, mwembamba, kofia ya majani kichwani, mdomo haujui kupumuzika. Kamate alikuwa na papayi, machungwa, ndimu na mapera.

Siku moja ya jumatatu, watu wamejaa mpaka wanakanyagana, akasimama mbele yake musichana wa robe ya bulu na kola nyeupe, mukanda wa ukindu kiunoni. Hakunusa papayi. Aliigonga kwa kidole, kama mutu anayepiga hodi.

“Dada, ndani hakuna mutu,” Kamate akamuambia.

“Natafuta yenye iko mbichi kabisa.”

“Ya kupika?”

“Apana.”

“Ya dawa?”

“Apana. Na ndimu, unipe zenye zimeanza kukauka.”

“Mademoiselle, watu wote wanachagua tamu. Wewe unachagua zile mbuzi wangu anakatala.”

“Basi punguza bei, juu ya heshima ya mbuzi.”

Thérèse alicheka mpaka maharagi yakamwangika. Musichana akaomba kisu, akakata papayi kwa upana wake, akatazama ndani kwa muda murefu, akatabasamu peke yake, akaenda. Kamate akabaki na kisu mkononi.

“Ameona nini mule?” akauliza.

“Papayi,” Thérèse akajibu. “Uzisha.”

Tangu hapo kila jumatatu alikuja. Kamate akajua jina lake ni Wivine, binti wa muzee Nzabonimpa aliyetoka Rutshuru, na kwamba anafundisha watoto wadogo kabisa kwenye shule ya masere, wale watawa wanawake, kule upande wa ziwa. Lakini matunda anayafanyia nini, Wivine hakusema.

“Kuja utazame,” alimuambia tu.

“Nitakuja.”

Hakuenda. Kama angejua, jumatatu angemuuliza nini?

Wakati wa mapera ulipofika, mama yake Kamate akamutumia furushi kutoka Butembo, mapera yaliyo mekundu ndani kama ulimi, yamefungwa ndani ya majani ya mugomba. Kwao Kamate, kijana hatangulizi maneno. Anamupa binti matunda ya miti ya mama yake. Binti akiyala, kijana anaweza kwenda kwa baba. Asipoyala, kijana ananyamaza, na harudi kuuliza hata siku moja.

“Haya si ya kuuzisha,” alimuambia Wivine, na siku ile mdomo wake ulikuwa mzito. “Yametoka kwa mama yangu. Ni yako.”

Wivine akafungua jani, akatazama, uso wake ukang'aa. “Kamate, haujui namna umenisaidia.”

Kesho yake Kamate alinyoa ndevu, akavaa shati ya misa, akaenda kwenye shule ile. Alisimama kwenye dirisha. Watoto walikuwa wamekaa juu ya mikeka, kila mumoja na nusu ya tunda. Mbele yao, vitambaa vilivyolowa rangi ndani ya sahani: bulu ya kufulia, makaa yaliyosagwa, udongo mwekundu. Mutoto alipangusa maji ya tunda, akaligusisha kwenye rangi, akalikandamiza juu ya karatasi, akainua. Ndimu iliacha gurudumu. Papayi mbichi iliacha nyota.

“Usiburute, mutoto wangu,” Wivine alikuwa anasema. “Kandamiza, inua.”

Kumbe ndani ya papayi kuna nyota, na yeye ameikata miaka yote kwa urefu! Halafu akaona jani la mugomba chini ya meza. Akaona mapera, yote, yamekatwa katikati, meusi kwa makaa, na hakuna hata moja lenye alama ya meno.

“Kamate! Ingia basi,” Wivine akaita.

“Niko mbioni,” akasema, akaenda zake.

Jumatatu Wivine alikuja akicheka.

“Uliona nyota?”

“Matunda ni hayo. Chagua.”

“Leo hakuna maneno juu ya mbuzi?”

“Mbuzi alikufa.”

“Kamate, nimekukosea nini?”

“Muteja hakosei.”

Akalipa, akaenda taratibu, akigeuka mara kwa mara. Mujomba wa Kamate alikuwa ameshamutafutia binti mwingine wa kuoa kule Butembo, kwa hiyo Kamate akapanga kupanda ijumaa kamio, lori ya mizigo ya muzee Anastase, na kurudi huko kabisa. Thérèse hakubishana naye. Alifunika maharagi yake kwa gunia, akatembea mpaka upande wa ziwa.

Ijumaa, kamio inanguruma, Kamate anapakiza mzigo wa mwisho, akatokea Wivine anakimbia, kitambaa cha kichwa kimeteleza shingoni, vidole bulu.

“Ni Thérèse amenielezea,” akasema, akihema. “Wewe haukusema.”

“Nilisema ni yako.”

“Kwetu mutu akikupa kitu kizuri, unagawanya na watoto. Ningejua, ningekula na mbegu.”

Kamate akatazama gurudumu la kamio.

“Uko na mapera bado?” Wivine akauliza.

“Yameisha. Imebaki ndimu.”

Wivine akaingiza mkono ndani ya gunia, akatoa ndimu, akaiuma na maganda yake. Wamama wa soko wakasogea karibu. Machozi yalimutoka, mdomo ukajikunja, lakini alitafuna mpaka akameza.

“Wivine, ndimu haihesabiwi. Haitoki kwa mama yangu.”

“Basi nakula ya pili.”

Akaipeleka mdomoni. Kamate akamushika mkono.

“Acha. Tumbo litakuuma, halafu baba yako nitamuambia nini?”

“Kumbe utaongea na baba yangu?”

“Jumapili, nyuma ya misa.”

Anastase akapiga honi. “Wee Kamate, unapanda ao nikuache?”

“Niache, muzee. Umuambie mujomba nimepata mwenye anakula ndimu na maganda.”

Wamama wakapiga vigelegele, na Wivine akaficha uso ndani ya kitambaa chake.

Jioni ile, kwa Thérèse, Kamate alijilaza juu ya mkeka. Thérèse alikuwa ameshazima taa.

“Dada, muzee Nzabonimpa anakunywaka nini?”

“Kamate, lala.”

“Na kama hapendi watu wa Butembo?”

Usingizi ulikuwa umeshamuchukua Thérèse. Kamate akauliza swali lingine, polepole, akiuliza paa, na kabla hajalimaliza, yeye pia akapata usingizi.