Mgeni Kutoka Nyumba ya Vipepeo

Spés aliona mapema kwamba yule bibi hatoi mvuke mdomoni, lakini adabu ilimzuia kuuliza. Ilikuwa Februari 2015, baridi ya kuuma masikio, na kila aliyefungua mdomo alifuka kama sufuria ya maharage. Bibi aliyeketi dirishani, chumba cha juu cha nyumba ile kongwe, hakutoa chochote.

Walikuwa wamekwenda kuona vipepeo. Darasa la Ange, binti yake wa miaka sita, lilipelekwa kwenye shamba la kihistoria nje ya Louisville, Marekani, na wazazi wakaombwa kufuatana na watoto. Mwongozaji, mama mmoja aliyekitazama kitenge cha Spés kana kwamba kimeingia bila tiketi, alibandua gome la mti mkavu akawaonyesha vipepeo wa kahawia waliokunja mabawa. Ange alimtafsiria mama yake: hawajafa, wanalala hivyo mpaka joto lirudi. Ukiwaona utasema ni majani makavu.

Kisha wakaingia ndani ya ile nyumba kongwe ya shamba. Ange alipanda ngazi mbio, na Spés alipomfikia alimkuta ameshikwa mkono na bibi mwenye kilemba cheupe na macho yasiyopepesa. Spés hakuwa na Kiingereza cha kutosha. Akamvuta mtoto taratibu, akainama kidogo, akasema yale ambayo mtu aliyelelewa kambi ya wakimbizi Tanzania husema akiaga nyumba ya watu, bila hata kufikiri.

“Asante, mama. Karibu na kwetu.”

Bibi akaitikia kwa kichwa.

Kule chini mwongozaji alisema hakuna mtu juu. Chumba kile kina kufuli tangu mwaka jana, sakafu yake imeoza. Spés akamshika Ange mkono, wakaondoka.

Siku ya tatu, alasiri, alikuwa anasonga ugali kwenye nyumba yao ya kupanga huko Newburg, mlango ukagongwa mara tatu. Mikono ilikuwa na kazi, mdomo haukuwa nayo. Akaitikia, “Karibu.” Mlango haukufunguka. Lakini harufu ya majivu baridi na kuni zilizoloa ikapita sebuleni, na mto wa kochi ukabonyea polepole, kama mtu mzito anapokaa. Maskini Spés, alikuwa amemkaribisha mara mbili.

Na mgeni mwenyewe hakuwa mtu wa shukrani. Alizima hita kila ilipowashwa. Picha ya harusi aliigeuza ukutani. Samsoni, mume wa Spés, aliyekuwa akifanya kazi usiku kwenye ghala la vifurushi na kulala mchana, alimlaumu mwenye nyumba na hita yake mbovu, akatania kwamba mkewe ameleta jini la Kizungu lisilopenda joto. Utani ulimwisha siku alipoamka saa nane mchana akakuta miguu yake imekandamizwa na mtu asiyeonekana, aliyeketi ukingoni mwa kitanda akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kubembeleza mtoto.

Mtoto ndiye aliyetakiwa. Ange alianza kupakua sahani ya nne, akisema ni ya bibi. Kisha akaacha kula. Kisha akaanza kulala, mikono ameikunja kifuani, kila siku saa nyingi kuliko jana, na ngozi yake ikawa baridi kama bomba la maji. Hospitali walimpima wakasema joto la mwili limeshuka, damu ni nzuri, sababu hawaijui. Wakamrudisha na blanketi.

Asubuhi moja Spés aliona kipepeo wa kahawia ukutani juu ya kitanda cha Ange, mabawa yamefungwa. Saa nne walikuwa sita, na ilipofika adhuhuri hakuweza tena kuwahesabu, maana ukuta wote ulikuwa umevaa majani makavu yasiyotikisika, na alipoinama kumsikiliza mwanawe akahesabu pumzi moja, akangoja, akangoja tena huku moyo wake mwenyewe ukimpiga masikioni, hadi pumzi ya pili ilipokuja, ndogo, bila mvuke, ilhali mdomo wake yeye ulikuwa unafuka moshi ndani ya nyumba yake.

Walimpigia mchungaji Zabroni, aliyekuwa akiishi Kenmore, karibu na Buffalo. Akakemea pepo kwa simu, spika imefunguliwa chumba kizima kisikie. Katikati ya maombi sauti ya mwanamke ikaanza kurudia kila neno lake kwa upole, nyuma yake, kisha pamoja naye, kisha mbele yake, na “amina” akaisema yeye kwanza. Mchungaji akakata simu. Hakupokea tena.

Spés alilia, tena kwa hasira, kisha akampigia Nyirabagenzi huko Columbus, mama wa Kikongo aliyekuwa jirani yao kambi ya Nyarugusu. Alimweleza yote.

“Bon. Huyu mugeni ulimuita weye,” alisema. “Haatoke kwa makelele. Munamusindikiza tu, vile tulikuwa tunafanyaka ku kambi, mupaka ku mulango yake. Na ukifika, mutoto yangu, ile neno ya kumukaribisha usiirudilie.”

Wakatoka siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri. Ange alilazwa kiti cha nyuma cha gari, na Samsoni akamfungulia mgeni mlango wa mbele, akangoja, akaufunga. Spés alikaa nyuma akipiga soga na kiti kitupu kuhusu barabara na theluji, huku vioo vikiganda kwa ndani. Geti la shamba lilikuwa limefungwa. Akashuka, akapita upenyo wa uzio na kwenda kwa miguu, akiongea bila kukoma, na kando ya nyayo za viatu vyake theluji ikawa inachapwa nyayo za miguu mitupu, hatua kwa hatua, karibu mno, hata bega lake la kushoto likafa ganzi.

Mbele ya ngazi za mlango nyayo zikasimama.

“Tumefika, mama. Asante kwa kututembelea,” alisema. Maneno yale mengine yakamjaa mdomoni, tabia ya tangu utotoni, akauma ulimi mpaka akaonja damu. Nyayo zikapanda ngazi. Spés akakimbia.

Garini alimkuta Ange ameketi, mashavu ya moto, anaomba mkate. Samsoni alikuwa analia waziwazi. Spés alimkumbatia mtoto, akamnusa, akacheka, akamshukuru Mungu kwa sauti.

“Bibi alinipungia mkono pale dirishani,” Ange alisema akitafuna. “Kasema karibu na kwetu, vipepeo wakiamka.”

Spés alimwachia taratibu. “Ukamjibu nini?”

“Si unaniambiaga nijibu vizuri? Nikamwambia asante, nitakuja.”

Samsoni aliwasha gari. Jua lilikuwa limetoka, na theluji juu ya paa la ile nyumba ilikuwa imeanza kudondoka maji.